Chupa ya lita 3 ya mkojo wa saa 24: yafaa kupimia vitamu bandia?

Ni chupa ya plastiki ya rangi ya kahawia, kifuniko cha kuzungusha, mistari ya mililita ubavuni. Hapa inapimwa kwa kazi moja tu: kukadiria mtu wa Malindi ameingiza mwilini vitamu bandia kiasi gani kwa siku, vile vya soda zisizo na sukari, vya unga wa juisi na vya barafu wanazofyonza watoto.

Kwa kazi hiyo inakishinda mbali kikopo cha mkojo wa mara moja. Joto la pwani hutoa jasho, mkojo ukawa mchache na mzito. Aliyekojoa mililita 700 na aliyekojoa lita 2 huenda wamekunywa soda ile ile, lakini kwa miligramu za kila lita yule wa kwanza ataonekana amezidisha karibu mara tatu. Ujazo wa siku nzima ndio unaosema kweli.

Na hapo ndipo chupa inapolegea: mistari yake haisomeki vizuri. Ipime ikiwa tupu kwenye mizani ya jikoni, uipime tena mwisho. Gramu 1,020 za mkojo ni kama lita moja. Mdomo ni mwembamba, kwa hiyo mwanamke ahitaji jagi na faneli.

Mkojo wa kwanza wa asubuhi umwagwe, saa iandikwe. Kuanzia hapo kila tone liingie, hadi ule wa kesho yake saa ile ile. Unaopotea sana ni ule unaotoka pamoja na haja kubwa, na wa kazini. Mtu husahau, halafu huona haya kusema. Dawa yake ni vidonge vya PABA (asidi ya para-aminobenzoiki, ambayo mwili huitoa kwa mkojo), miligramu 80 mara tatu pamoja na chakula: ikirudi chini ya asilimia 85 mkojoni, mkusanyo haukutimia. Siku hiyo parasetamoli isimezwe, maana huvuruga kipimo cha PABA kinachosomwa kwa rangi. Na siku moja ni siku moja. Ikiangukia harusi, utapima harusi.

Kati ya vitamu vyenyewe, asesulfamu-K (E950) ndiyo inayopendeza: karibu yote hutoka kwa mkojo ndani ya siku moja. Lita 1.8 zenye miligramu 40 kwa lita ni miligramu 72 zilizoliwa. Kwa mtu wa kilo 60, kikomo cha siku cha JECFA (kamati ya FAO na WHO ya viongezi vya chakula), miligramu 15 kwa kila kilo ya mwili, ni 900, bado yuko mbali. Sakarini (E954) nayo hutoka kwa wingi, ila dawa nyingi za meno zinayo, kwa hiyo si yote iliyotoka kwenye chakula. Sukralosi (E955) hupita mkojoni asilimia 14 hivi, na hubadilika mtu kwa mtu. Kuzidisha mara saba ni kukisia. Aspatamu (E951) usiitafute kabisa, mwili huivunja.

Kwa wa Lamu, hakuna haja ya kubeba chupa nzima kwenye boti mpaka Mokowe. Itikise vizuri, jaza vichupa viwili vya mililita 10, vigandishwe nyuzi −20, visafirishwe kwenye kasha la barafu. Unapoichukua chupa yenyewe mwanzoni, sema wazi unataka chupa kavu: zenye asidi ndani ni za vipimo vingine, na huunguza ngozi.