Duka la mabomba Nyakato: bei zao ziko wazi, ila kushuka ni shughuli

Nina vizimba vya kufugia samaki aina ya sato Luchelele, hapa Mwanza, na fremu zake ni mabomba ya chuma ya inchi moja na nusu yaliyochovywa zinki. Madukani nimezoea kuambiwa "bei imepanda mama, si unajua mafuta," basi, mazungumzo yameishia hapo. Duka hili la Nyakato ndilo la kwanza kunichambulia bei yenyewe.

Profoma yao, yaani karatasi ya bei wanayokupa kabla hujanunua, ina mistari mitatu: bei ya kiwandani Dar, nauli, na faida yao. EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wakitangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, unaoguswa ni mstari wa nauli, maana lori linakula dizeli zaidi ya kilomita elfu moja hadi kufika huku. Mstari wa kiwandani una mwendo wake. Nishati inaingia kwenye bomba kabla halijapakiwa: makaa ya mawe au umeme wa kuyeyushia chuma, kisha lile beseni la zinki linalotakiwa kukaa kwenye nyuzi 450 hivi, oda iwepo isiwepo. Ndiyo maana mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha gesi na mafuta, chuma nacho kilipaa.

Kinachonirudisha pale hasa ni mzani. Gharama zikipanda, wapo wauzaji wanaoacha bei ileile na kukupa bomba jembamba, na kwa macho hulijui. Bomba la mita 6 la saizi yangu, unene milimita 2, lina kilo kama 14. La milimita 1.5 hata 11 halifiki. Hapa unapima mwenyewe, hakuna anayekununia.

Sasa lawama. Dizeli ikishuka, nauli yao inasuasua. Nilipouliza, kijana wa kaunta akasema, "Mama, mzigo huu ulisafiri kwa mafuta ya bei ya zamani." Sawa, mwanangu, mbona yakipanda mnapandisha hata mzigo uliolala stoo tangu mwezi jana? Akacheka tu. Umeme ukikatika, pia wanakudai hela ya jenereta ya kukatia mabomba, na kwenye profoma haimo.

Nyota nne. Profoma yao haidumu zaidi ya wiki, kwa hiyo nenda na hela kamili, na ukiweza lipia kabla ya hiyo Jumatano.