Uzoefu wangu na barua zenye sharti: programu iliyowadai waliolipa

Naandika nikiwa bado na hasira. Shule binafsi ninayoifanyia ukarani hapa Tanga huwapelekea wazazi barua kila muhula, nami niliamini kuwa programu ya kuandikia, Word, ambayo huchukua orodha ya wazazi na kumtolea kila mmoja barua yake, ingenipunguzia kazi kwa kuiwekea sharti: penye neno "Amelipa" katika safu ya ada ya orodha hiyo itoe shukrani, na pasipo neno hilo itoe dai la deni.

Ikawadai hata waliolipa. Mzee mmoja wa Makorora alifika ofisini akiwa na barua mkono mmoja na risiti mkono wa pili, na shikamoo yangu hakuiitikia mpaka alipokwisha kuniuliza, "Mwanangu, mimi na deni wapi na wapi?"

Chanzo kilikuwa nafasi tupu. Orodha ilichapwa na watu kadhaa wa uhasibu. Mmoja aliacha nafasi baada ya neno, mwingine aliandika kwa herufi kubwa tupu, na kwa programu hii hayo ni maneno tofauti kabisa. Hilo ningelivumilia. Lisilovumilika ni ukimya wake, kwani haikuambii kuwa imekuta neno isilolitambua, bali hukimbilia sentensi ya pili, ambayo kwangu ilikuwa ya deni, na kuichapa bila haya.

Haki yake niipe. Niliposhurutisha safu isomwe kwa herufi kubwa na kulinganisha na "AMELIPA*", ile nyota ikiruhusu chochote kifuatacho, usumbufu wote ulikoma, na jioni hiyo nilikuwa tayari kuisifu. Kisha nikapitia barua kabla ya kuzichapa, nikakuta mzazi aliyeandikwa "Amelipa nusu" anashukuriwa kwa kukamilisha ada.

Sasa nimeweka sharti ndani ya sharti: kwanza itafute "AMELIPA NUSU*", halafu "AMELIPA*", na ikikosa vyote iandike HAKIKI mahali pa deni. Inafanya kazi, tena vizuri. Kwa mialiko ya harusi ningempendekezea mtu yeyote. Kwa barua za fedha siipendekezi, isipokuwa kwa aliye tayari kuzisoma zote, moja baada ya nyingine, kabla hazijatiwa muhuri.