WhatsApp Business kwa muuza mashuka wa Arua Park: nyota nne

Programu ya bure haiwezi kuhukumiwa kwa bei, kwa hiyo WhatsApp Business, ile WhatsApp ya wafanyabiashara, naihukumu kwa kazi ninayoitegemea kuliko zote: kunizuia nisimjibu mteja vile alivyoniandikia.

Nauza mashuka, foronya na mapazia pale Arua Park, Kampala, kwenye mojawapo ya yale majengo ambayo ngazi zake hujaa mizigo inayosubiri basi. Mimi ni Mnubi wa Bombo, Kiswahili nimekikuta nyumbani kwa baba, na pale Arua Park ndicho kinachoniuzia. Wateja wangu wako Koboko, Arua, Juba, Bunia, wachache Nairobi, na Waganda wa hapa mjini. Zamani wengi walinipata Facebook. Ilipofungwa nchini Januari 2021, wiki ya uchaguzi, biashara yangu ilihamia yote kwenye namba ya simu, na kila aina ya mwandiko ikahamia nayo.

Kuna anayeandika "Bei." Basi, hilo ndilo barua nzima. Kuna anayetuma picha ya shuka aliloliona kwenye stetasi yangu siku nyingi zilizopita, pembeni alama ya kuuliza. Mkongomani ananiandikia "mama mi nataka ile ya maua iko bei gani unipunguzie", na mimi nina za maua mlango mzima. Muganda anatuma "Ssente mmeka?", yaani pesa ngapi, bila "nnyabo" (mama, kwa Luganda) wala nini. Halafu wako wale wa herufi kubwa: "WEWE UNAUZA AMA HAUUZI", dakika mbili tu baada ya ujumbe wa kwanza, na mimi nilikuwa nakunja mzigo wa mtu.

Nikiri upande wangu kwamba wengi wa hawa siwaiti wakorofi. Mtu wa Koboko anayewaza kwa Kikakwa na kuandika kwa Kiswahili cha sokoni hana nafasi ya kupamba. Intaneti yenyewe ina gharama: tangu Julai 2021 bando linatozwa ushuru wa asilimia 12, na mtu anayenunua kidogo kidogo huandika kidogo kidogo. "Bei" kutoka kwa mtu kama huyo ni swali, si dharau. Tabu ni kwamba saa nne usiku, miguu inauma, masikio yako hayatofautishi.

Hapo ndipo programu hii inapolipa. Ina kitu kinaitwa majibu ya haraka. Unaandika jibu mara moja, unalipatia jina fupi, na siku ukilihitaji unaandika alama ya mkwaju (/) na lile jina, jibu zima linatokea tayari kutumwa. Yanaruhusiwa hadi 50, ila mimi natumia machache. Nililiandika kila moja asubuhi, nikiwa nimeshiba chai na sijagombana na mtu, ili yule mama wa asubuhi awe ndiye anayemjibu mteja wa saa nne usiku. Kwa "Bei." langu linasema hivi: "Habari yako. Vitanda tunavyouzia ni 4 kwa 6, 5 kwa 6 na 6 kwa 6. Niambie cha kwako ni kipi na rangi unayoipenda, nikupe bei ya mwisho." Angalia halimsuti kwa kutosalimu. Linamsalimu tu, na wengi, wakishasalimiwa, ujumbe wa pili huja na adabu zake: "nzuri mama, ni 5 kwa 6".

Lakini jibu la haraka lisitumwe likiwa bichi. Kabla ya kubonyeza naongeza kitu kimoja cha mtu yule: mama, yaya kwa Mkongomani, ssebo (bwana) kwa Muganda, hajji, au jina kama nalijua. Mteja akipata maneno yale yale mara mbili anajua anaongea na sanduku, na mwenye hasira akijua hivyo ndipo anapoanza matusi ya kweli.

Jibu ninaloliheshimu kuliko yote ni la mzigo wenye malalamiko. Halina "samahani sana mteja wetu mpendwa", kwa sababu sijui bado kama kosa ni langu. Linasema: "Nimeona ujumbe wako. Nipigie picha ya ulichopokea na mfuko wake, uniambie na basi lililoleta, nikujibu leo hii." Mtu mwenye hasira ukimpa kazi ndogo ya mikono, akatafuta mfuko, akauweka kwenye mwanga, akapiga picha, akirudi kwenye simu moto umeshuka nusu. Na mimi nina picha. Mama mmoja wa Koboko aliniita mwizi kwa herufi kubwa kwa sababu ya foronya moja iliyopungua. Picha ilionyesha mfuko umechanika kona, tena mchaniko wa njiani, foronya imechomoka. Nilimtumia nyingine kwa basi la kesho yake. Anaendelea kununua kwangu mpaka sasa, na bado hasalimu.

Lebo nazo zimenisaidia. Kila mteja unaweza kumbandika rangi na jina, mpaka lebo 20, na yeye haoni. Zile zinazokuja na programu ni za mteja mpya, oda mpya, malipo yanayosubiriwa na kadhalika, nzuri kwa mwenye duka mtulivu. Mimi niliongeza zangu. Moja ni ya wanaoandika vibaya lakini hulipa mara moja, na hao nawajibu kwanza kabla ya wenye maneno matamu, maana wenye maneno matamu wengi ni watazamaji. Nyingine ni ya wenye ulimi. Binti anayenisaidia dukani alishauri tuiandike kwa herufi moja tu, kwa sababu wateja wa pale Arua Park wana tabia ya kuinamia simu yako kana kwamba ni gazeti. Upungufu wa lebo ni kwamba inakaa kwenye namba, haikai kwa mtu. Simu nyingi huku zinatumiwa na nyumba nzima: mume ndiye anatukana, mke ndiye ananunua, lebo inawahukumu wote wawili.

Katalogi sina mengi ya kuisifia wala kuilaumu. Inabeba bidhaa hadi 500, unaweka picha na bei, unamtumia mteja kiungo. Tangu niweke bei pale, maswali ya "Bei." yamepungua kwa wanaojua kufungua kiungo. Wasiojua wanaendelea kuuliza, na hilo ni sawa.

Sasa nyota niliyoibakiza. Ni ya ujumbe wa makaribisho, ule unaojituma wenyewe mtu akikuandikia mara ya kwanza, au akirudi baada ya siku 14 za kimya. Kwa watu wetu haufai. Mtu wa Arua anaandika "Salaam aleikum mama, nyumbani hawajambo, watoto je?" na mashine inamjibu kwamba karibu dukani kwetu, tutawasiliana nawe hivi karibuni. Salamu yake imebaki hewani haijaitikiwa. Na yule anayefungua mazungumzo kwa "mwizi wewe" anaambiwa asante kwa kuwasiliana nasi! Nimeuzima. Ule wa kusema nimefunga duka nimeuacha, una saa zangu za kazi na unazuia zile "MBONA HUJIBU" za usiku wa manane. Ila mtu ajue kwamba haujitumi kama simu yenyewe haiko kwenye intaneti. Bando likiisha, nao umenyamaza.

Jambo la lugha pia usiliache. Programu inakuruhusu kuandika majibu kwa lugha yoyote, nami nina seti mbili, Kiswahili na Luganda. Baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, lakini mzee wa Masaka aliyekisikia kwanza kutoka kwa askari wa kizuizi cha barabarani hajasoma maazimio ya baraza. Ukimjibu kwa Kiswahili, hata cha upole kiasi gani, anahisi anaamrishwa. Kwake natuma Luganda, na "nnyabo" inarudi mara moja.

Ujumbe wa sauti wa mwenye hasira nausikiliza kwa kasi ya mara mbili. Hili si la Business peke yake, WhatsApp ya kawaida inalo pia, lakini kwa muuzaji ni dawa. Matusi ya dakika tatu yanapita kama kuku wanagombania mahindi, na neno la maana, kwamba rangi iliyokuja si ya bluu, unalipata bila kuumia.

Kufunga namba nafanya kwa nadra. Mkorofi simfungii. Namfungia anayetuma picha ya malipo ya uongo, yale ya meseji iliyochezewa ikaonekana kama pesa ya simu imeingia. Huyo kwa kawaida anaandika vizuri sana, ana salamu ndefu, ananiita mama mpendwa, na ana haraka mzigo utoke kabla sijaangalia salio. Kanuni yangu haina jibu la haraka: salio kwanza, basi baadaye.

Kama unauzia majirani kumi wa mtaa mmoja, programu hii utaiona mzigo tu. Kama namba yako iko mikononi mwa watu wa nchi nne, ichukue, na uipe laini yake peke yake. Inakaa simu moja na WhatsApp ya kawaida bila kugombana ilimradi namba ni mbili. Mimi ya nyumbani nimeiacha kwenye ile ya kawaida, ambako dada zangu wa Bombo wananiandikia vibaya kuliko mteja yeyote, na majibu ya haraka hata 50 hayawawezi.