TAHADHARI: Wakala anayewauzia waliomaliza kidato cha sita "uhandisi Ujerumani"

Wakuu, wazazi, na wadogo zangu mliosoma PCM, someni hii kabla hamjatuma hata senti.

Kuna wakala anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya waliomaliza kidato cha sita akiuza kifurushi kizima: udahili wa uhandisi wa mitambo katika chuo cha umma Ujerumani, masomo kwa Kiingereza, "ufadhili wa ada asilimia 100" na viza ya uhakika. Mimi nasoma huku huku Ujerumani, na familia mbili za nyumbani zimenitumia makaratasi yake niwaangalizie. Zote zilikuwa zimeshaingizwa mjini. Jina lake halina maana kulitaja, maana analibadilisha kila msimu. Mbinu ndizo zile zile.

Huo ufadhili kwanza. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo, hata kwa mgeni. Kuna mchango wa muhula, mara nyingi euro mia na kitu hadi mia tatu na kitu, nao unalipwa chuoni ukishapata nafasi. Kwa hiyo jamaa anakuuzia msamaha wa deni ambalo halipo. Pale ambapo ada ipo kweli, yeye ananyamaza: jimbo la Baden-Württemberg, kwenye vyuo vya Karlsruhe na Stuttgart, linawatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na TU München, chuo cha ufundi cha mjini Munich, nayo imeanza kuwatoza wageni wapya tangu 2024. Barua ya udahili aliyopewa kijana mmoja ilikuwa ya chuo cha Baden-Württemberg, na kwenye ada imeandikwa sifuri. Sikuhitaji kusoma zaidi.

Kiingereza nacho ni chambo. Kozi za Kiingereza zipo, ila nyingi ni za shahada ya uzamili. Shahada ya kwanza ya uhandisi wa mitambo pale chuo cha RWTH Aachen, kwa mfano, ni Kijerumani. Na kama cheti chako hakikupi kuingia moja kwa moja, unapitia kwanza Studienkolleg, yaani shule ya maandalizi ya chuo, kwenye kozi ya T (ya wanaokwenda uhandisi), yenye hesabu na sayansi kwa Kijerumani, mpaka ufaulu mtihani wa mwisho. Anayekuahidi kwamba Oktoba unatua na kuingia mwaka wa kwanza bila kujua hata kusalimia kwa Kijerumani, muulize kozi inaitwaje, kisha uitafute mwenyewe kwenye tovuti ya DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi. Kutafuta ni bure.

Sasa penye maumivu. Ili upate viza ya masomo, njia ya kawaida ya kuonyesha kwamba una pesa za kujikimu ni Sperrkonto, yaani akaunti yenye pesa za mwaka mzima: euro 11,904 kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 30. Akaunti hiyo inafunguliwa kwa JINA LAKO, na ukishafika huku unachukua kidogo kidogo, euro 992 kwa mwezi. Viza ikikataliwa, unaomba pesa zako zirudishwe. Huyu wakala anawaambia wazazi wamtumie yeye "aziweke kwa pamoja na za wanafunzi wengine ili kupunguza makato". Hakuna kitu kama hicho. Familia moja iliuza kiwanja, ikamtumia, wakaletewa cheti cha Sperrkonto cha kughushi. Binti yao angekipeleka ubalozini, angekuwa amepoteza pesa na bado ana kesi ya nyaraka bandia juu yake.

Jingine ambalo wengi hawalitilii maanani: maombi anayafanya kwa barua pepe yake. Nywila anayo yeye, majibu yanakwenda kwake, wewe unapokea skrinishoti tu. Kupitia uni-assist, huduma ya mtandaoni ambako vyuo vingi hupokelea maombi ya wageni, kuomba chuo cha kwanza ni euro 75 na kila kinachoongezeka muhula huo huo ni euro 30. Yeye alitoza shilingi milioni moja na nusu kwa kila chuo. Wapo mawakala wanaofanya kazi ya haki, sikatai, lakini wa haki hakatai ufungue akaunti kwa barua pepe yako mwenyewe.

Miadi ya viza ubalozini nayo haiuzwi. Ukitajiwa bei, ondoka.

Kwa nini naandika sasa? NECTA hutoa matokeo mwezi Julai, na vyuo vingi hufunga maombi ya muhula wa baridi, ule unaoanza Oktoba, tarehe 15 Julai. Hapo ndipo anapopigia: "Nafasi zimebaki mbili, lipa leo." Ukishindwa kuwahi, subiri mwaka unaofuata na huku ukijifunza Kijerumani, Goethe-Institut ipo Dar na Nairobi.

Mwenye barua ya udahili mkononi, aiandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo husika kwa anwani iliyo kwenye tovuti ya chuo, siyo iliyo kwenye barua. Aliyekwisha kulipa, apige simu benki au mtandao wake wa simu leo hii, asifute meseji hata moja, akafungue jalada polisi. Namba ya wakala itumeni pia kwenda 15040, namba ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ya kuripoti matapeli.