Haiki ya maporomoko ya Kajulu: nililipa 2,000, nikafika nyumbani saa tatu usiku

Nilijiunga na haiki hii, yaani matembezi ya milimani huko Kajulu, kupitia kikundi kimoja cha WhatsApp hapa Kisumu. Jina lake naliacha, maana wenyewe ni vijana wanaojitafutia riziki na kuna mambo waliyafanya vizuri. Tangazo lilisema shilingi 2,000: usafiri kutoka Kondele na kurudi, chakula cha mchana, mwongozaji mwenyeji, vivuko vinne vya mto, na "njia rahisi, hata mtoto anaweza". Mimi nina miaka 44, kazi yangu ni ya kukaa kaunta kutwa, na goti langu la kulia lina maneno mengi. Hiyo njia rahisi ndiyo iliyonitoa pesa.

Tuliambiwa tuwe Kondele saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Matatu ziliondoka saa mbili kasorobo. Kwa hilo sikati nyota, sote tunajuana. Tulipita Wathorego, tukashukia barabara ya murram inapoanza kupanda, na hapo ndipo nilipohesabu watu. Tulikuwa 27, mwongozaji mmoja.

Wathorego, kwa asiyejua Kijaluo, ina neno wath ndani yake, yaani mahali pa kuvukia mto. Huku Kajulu huwezi kutembea sana kabla hujafika kwenye wath. Mito ya upande huu, kama Kibos na Awach, huanzia juu milima ya Nandi, ikateremka kwa kasi hadi nyanda za Kano, kisha ziwani. Hilo liweke akilini, kwa sababu ndilo lililotuponza mchana.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa hapo hapo, miaka sitini na kitu. Hakuwa na begi. Alikuwa na panga, fimbo ya mpera na sandaki miguuni, zile za plastiki tulizovaa sote shule ya msingi. Vijana wenye viatu vya elfu nane walizicheka kidogo. Kwenye kivuko cha kwanza maji yalifika kwenye vifundo tu, watu wakapita wakipiga kelele. Kwenye cha pili, ambako maji yalikuwa ya magoti na yana nguvu, kicheko kiliisha. Wengi walikuwa wamevua viatu wasivilowanishe, na mawe ya mtoni yana utelezi kama sabuni ya kipande. Mzee akawasimamisha wote.

"Vueni soksi, viatu vaeni," akasema. "Mguu mtupu haujui jiwe."

Kisha akanishika mkono mimi kwanza, nadhani kwa sababu nilikuwa nimesimama kando nikimkazia macho. Akaniambia nilegeze mikanda ya begi ya kifuani na kiunoni, ili nikianguka niweze kulitupa. Akanigeuza niangalie maji yanakotoka, fimbo mbele yangu, nikiiegemea. "Sasa mama, usinyanyue mguu. Uburute. Mmoja ukishatulia ndiyo wa pili usogee. Na usiangalie maji, yatakuzungusha kichwa. Angalia ule mti." Nikauangalia ule mti kana kwamba nimeutolea mahari. Nilihisi kila jiwe likitikisika chini ya soli, maji yakinisukuma magotini, na ile fimbo ikitetemeka mkononi. Hatua kama kumi na tano. Nilipofika ng'ambo nilikuwa nimeloa jasho kuliko maji. Watu 26 waliobaki aliwavusha hivyo hivyo, mmoja mmoja, na saa nzima ikaishia pale. Huyo angekuwa na msaidizi hata mmoja tu, tusingepoteza muda ambao baadaye tuliuhitaji sana.

Maporomoko yenyewe ni mazuri. Si marefu, usitarajie Nyahururu, lakini yanaanguka katikati ya miamba mikubwa myeusi, na ukikaa upande wa kulia unapata manyunyu usoni bila kuloa. Ukigeuka nyuma unaona mashamba ya miwa upande wa Kibos, na ziwa kwa mbali limelala kama bati. Chakula kilikuwa chapati mbili na ndengu, bado za moto, sijui waliwezaje. Hapo nawapa nyota yao bila ubishi. Vijana waliogelea. Kichocho huenezwa na konokono wa maji yaliyotulia, kwa hiyo chini ya poromoko penye kasi hatari ni ndogo, lakini wengine walikuwa wanacheza pembeni kwenye kidimbwi cha majani. Mimi pale siingii hata kwa kulipwa.

Saa saba hivi mzee alisimama akasema twende. Juu yetu jua lilikuwa kali, anga buluu. Kiongozi wa kikundi, kijana mwenye droni, akamjibu kwa adabu kabisa: "Mzee, nusu saa tu, wengine hawajapiga picha." Mzee akanyoosha fimbo kuelekea Nandi, ambako kulikuwa na wingu zito la rangi ya sufuria. "Kule kunanyesha," akasema. Hakurudia. Akakaa chini, akatafuna unyasi.

Anayekaa Kisumu anajua mwendo huu. Mchana upepo wa ziwa unapanda milimani, mawingu yanajikusanya, na alasiri yanapasuka huko juu, wakati mwingine kwa mvua ya mawe. Mtoni kule chini unaweza kuwa unajipaka mafuta ya jua huku maji ya mvua ya Nandi yako njiani. Nusu saa iligeuka saa moja na nusu.

Tulisikia kivuko kabla ya kukiona. Maji yaliyokuwa meupe asubuhi yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, yanabeba vijiti na povu, na lile jiwe bapa nililopumzikia halikuonekana tena. Ng'ambo alikuwapo bibi mmoja na mtungi wake wa manjano, dani, yaani nyanya, wa hapo jirani. Alituona, akatupa mkono hewani: "Pi biro!" Maji yanakuja. Yaani tuliyokuwa tunayaona yalikuwa salamu tu.

Kiongozi alitoa kamba, akapendekeza tushikane mikono tupite kwa mstari. Ni hapa nilipomheshimu mzee kabisa. Hakupaza sauti. Alichomeka fimbo yake ukingoni, kwenye mstari wa maji, akatuambia tungoje. Dakika chache, maji yakawa yamepanda kiganja kizima juu ya fimbo. "Anayetaka kuvuka avuke na jina la mamake," akasema, akageuka kuelekea mlimani. Tukamfuata wote 27, mwenye droni akiwa wa kwanza.

Tulizunguka kwa njia ya juu, katikati ya mashamba ya mahindi ya watu, tukiomba njia boma kwa boma. Ilituchukua saa mbili na nusu zaidi, na viwili kati ya vivuko vinne tukavisikia kwa mbali tu. Mvua ilitukuta kileleni. Hakuna aliyekuwa na kisanduku cha huduma ya kwanza, na dada mmoja aliyeteguka mguu alifungwa kwa leso yangu. Barabarani matatu zilikuwa zimeshaondoka na abiria wengine. Tukapanda bodaboda, kila mtu kwa pesa zake. Mimi 200 hadi Kondele.

Nawapa nyota mbili kati ya tano: moja ya chapati, moja ya kuchagua mwongozaji. Wakija na waongozaji wanne, kisanduku cha dawa, na saa ya kuondoka inayotoka kwa mzee badala ya droni, nitalipa hata 3,000. Nilimwandikia kiongozi haya yote, na kuomba ile 200 ya boda. Alijibu vizuri, pesa ikaingia kesho yake.

Raba zangu bado zinakauka barazani, ya kushoto imeachama mdomo. Jumapili nilipita soko la Kibuye nikanunua sandaki nyeusi, namba 39. Muuzaji aliniuliza ni za mtoto wa darasa la ngapi.