Uzito wa mbele kwenye mshale wa kuwindia: nilichochagua na kwa nini

Upinde wangu ni kampaundi, yaani wa magurudumu, wenye nguvu ya kuvuta ya paundi 60 na mvuto wa inchi 28, na ninachowinda ni kulungu wa mkia mweupe hapa Pennsylvania, Marekani. Natanguliza hayo kwa sababu ushauri wa mishale usiotaja upinde wala mnyama haumsaidii mtu.

Mishale niliyouziwa pamoja na upinde ilikuwa Easton Axis ya ugumu 340, imekatwa inchi 28, inseti (kipande cha ndani ya ufito kinachoshika kigumba) ya alumini ya greni 16 na kigumba cha greni 100. Jumla ni kama greni 410, yaani gramu 26 na nusu. Mshale mzuri tu, na kulungu wengi wameangushwa kwa uzito huohuo. Mimi nilitaka ulio kimya zaidi, na usiokata tamaa ukikutana na mfupa.

Kwanza nikapima uzito wa mbele, yaani mshale unasawazika mbele ya katikati yake kwa kiasi gani. Pima urefu kuanzia kwenye mfereji wa noki, pale upote unapokaa, hadi mwisho wa ufito, bila kuhesabu kigumba. Kisha ulaze mshale wenye kigumba chake juu ya ukingo mwembamba mpaka usawazike, uweke alama. Umbali wa alama hiyo kutoka noki, toa nusu ya urefu, gawanya kwa urefu wote, zidisha kwa 100. Wangu ulitoa asilimia 11 na nusu hivi. Wapiga upinde wa huku wanaiita FOC (front of center, mbele ya katikati), na wapo wanaoitaja kama waumini.

Wengi wao humtaja Dkt. Ed Ashby, Mmarekani aliyeanza majaribio yake Natal, Afrika Kusini, miaka ya 1980, akipiga mishale kwenye wanyama halisi badala ya maboksi ya povu. Ila ukisoma orodha yake ya mambo yanayofanya mshale upenye utaona uzito wa mbele ni wa tatu. Wa kwanza ni mshale usiovunjika wala kupinda, wa pili ni mshale unaoruka umenyooka. Zile greni 650 zinazonukuliwa kila mahali ni kizingiti chake cha kuvunja mifupa mizito, na kati ya wanyama aliowapima walikuwemo nyati wa Asia walioko Australia. Ubavu wa kulungu haudai hayo.

Basi nikanunua inseti za shaba ya njano, za greni 50 na za greni 75, pamoja na fito chache za ugumu 300 za kulinganisha na zile 340. Namba hiyo huwachanganya watu: ufito hushikiliwa kwenye nguzo mbili zilizoachana inchi 28, katikati ukaning'inizwa uzito wa gramu 880, na namba ni kiasi ulichopinda kwa maelfu ya inchi. Kwa hiyo 300 ni mgumu kuliko 340. Na kila greni unayoongeza mbele hufanya ufito uwe kama umelainika, maana upote unausukuma kwa nyuma huku kichwa kizito kikikataa kuondoka.

Tofauti ilionekana kwenye mshale usio na manyoya, kipimo ninachokiamini kuliko mashine yoyote. Kwa greni 75 za inseti na 125 za kigumba, ufito wa 340 bila manyoya ulikwenda kulia mwa wenzake wenye manyoya, dalili ya ulaini kwa anayevuta kwa mkono wa kulia. Ufito wa 300 wenye mzigo uleule ulitua katikati yao. Nikabaki nao.

Mshale wangu sasa una greni 527 hivi na uzito wa mbele wa karibu asilimia 17. Kasi imeshuka kutoka futi 270 kwa sekunde hadi 241. Nishati ni ileile au imezidi kidogo, kwa kuwa upinde hutoa nguvu zake vizuri zaidi kwa mshale mzito. Kani ya kusonga mbele, yaani uzito mara kasi, ndiyo iliyopanda, kwa zaidi ya asilimia 14. Upinde nao umepunguza kelele, na hilo nililipenda hata kabla ya msimu kufunguliwa.

Gharama yake ni mshale kushuka zaidi njiani. Kilengeo cha upinde kikiwekwa kwa yadi 20, kwenye yadi 40 mshale huu unashuka inchi kama 5 zaidi ya ule wa kwanza. Ukikosea kukadiria umbali, unamjeruhi mnyama. Mimi sipigi kupita yadi 30, kwa hiyo nimekubali. Anayewinda nyanda za magharibi mwa Marekani, ambako kupiga kwa yadi 50 ni kawaida, huenda akaona nimejipunja.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Waata, jamii ya wawindaji wa Tsavo nchini Kenya, walipiga ndovu kwa pinde nzito kuvuta kuliko hizi zetu, mishale yao ikiwa na chuma mbele. Lakini wao walikuwa na sumu ya kumaliza kazi, na Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Hapa sumu hairuhusiwi. Makali ndiyo yote. Sheria ya Pennsylvania inataka kigumba chenye upana usiopungua 7/8 ya inchi. Changu ni cha makali mawili yasiyofunguka, inchi 1 na 1/8, na nakinoa hadi kinyoe nywele za mkono.

Pima vigumba kwenye mizani kabla ya kuvifunga. Pakiti moja ya bei rahisi, jina nalihifadhi, iliandikwa 125 na ndani hakuna viwili vilivyolingana. Inseti zinazozama ndani ya ufito zigandishwe kwa gundi ya sehemu mbili, ufito ukiwa umesafishwa kwa spiriti na kukauka. Ziache usiku kucha.

Kwa mwenye upinde wa paundi 45: usiige mzigo wangu. Baki na ufito wa kiwango chako, weka inseti ya 50 na kigumba cha 100, halafu jaribu bila manyoya kwenye yadi 15. Mshale ukiruka umenyooka, hela iliyobaki nunulia jiwe la kunolea.