Azimio la Uhuru la Marekani: Nakala ya Dunlap au ya Goddard?
Nakala ya Azimio ya mchapaji John Dunlap, iliyochapwa Philadelphia usiku wa tarehe 4 Julai 1776, ina hadhi ya kuwa ya kwanza, na mwaka 2000 moja iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 8. Hata hivyo, kwa niaba ya Kongresi, baraza la makoloni lililopitisha Azimio, imetaja majina mawili tu, la rais wake John Hancock na la katibu Charles Thomson. Ile ya Mary Katharine Goddard, iliyochapwa Baltimore Januari 1777, ni adimu zaidi, na ndiyo ya kwanza kutaja takriban watia saini wote, wakati ambapo kutajwa kama mwasi dhidi ya Uingereza kulihatarisha maisha. Naye mchapaji akaongeza jina lake kamili, ujasiri ninaouheshimu sana. Kwa utunzaji hazitofautiani: mwanga mkali huziharibu zote mbili. Anayechunguza jinsi habari ilivyoenea atafaidika na Dunlap. Anayefuatilia waliojitwika hatari, Goddard.